Neno Alilopewa Mwansa

Harufu ya sabuni ya kipande iliyochanganyika na grisi ndiyo iliyonijulisha kwamba Tata, baba yangu, ameshaoga. Miaka hiyo ya Zaïre tulikaa Kapata, kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, na kila jioni, kabla bukari, ugali wetu, haijaiva, nilikalia kigoda kando ya goti lake nikimpa habari: nani kapigana shuleni, kuku wa nani kaibwa. Kigoda kile kilikuwa changu peke yangu.

Ndipo akaja Mwansa, binti wa mama mdogo aliyeolewa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kukaa nasi likizo nzima. Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba, na Tata alikitaka sana, maana mafundi waliokuja kufunga mashine mpya kazini hawakujua lugha nyingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lo! Mwansa siku ya tatu alipewa kigoda changu.

"Mutu iko mu njia, unamwambia go on, asisimame," Mwansa alimfundisha Tata. "Kama iko naogopa kazi, go on, ajaribu. Kama iko naleta habari, go on, asiache."

Tata alilipenda hilo la mwisho. Mwansa akisimulia soko la Kitwe, Tata aliinama mbele, macho yakimeta: "Go on, Mwansa, go on!" Mimi nikichungulia mlangoni, niliambiwa, "Enda kusaidia mama yako." Roho iliniuma.

Jioni moja nilikiwahi kigoda. Nikaanza kisa cha mbuzi aliyeingia darasani akala chaki za mwalimu, na nilipofika pale mwalimu anamshika pembe, nikanyamaza makusudi. Nikasubiri neno langu. Tata alinitazama. "Njo mwisho ya habari?" akauliza. "Muzuri. Mwansa iko wapi?"

Likizo iliisha, Mwansa akarudi kwao, kigoda kikanirudia. Kisa cha mbuzi sikukimaliza kamwe.

Leo nyumba za Kapata zimechakaa, Tata amezeeka, lakini wivu wangu bado mpya. Mimi ndiye ninayempikia bukari laini na kumwosha miguu kwa sabuni ileile. Jumapili Mwansa hupiga simu, nami humshikia Tata simu sikioni kwa kuwa mikono inamtetemeka. Huinama mbele vilevile. "Go on, Mwansa, go on!"

Jumapili iliyopita, mkono ukiniuma, nilishindwa kuvumilia. "Tata, mi pia niko na habari."

"Ngoja kwanza," akanijibu. "Mutoto iko nasema."

Mtoto huyo ana wajukuu.