Riwaya Aliyotusomea Baba

Mama alifariki mwaka mahindi yalipokuwa mengi, kwa hiyo baba hakupata nafasi ya kuhuzunika vizuri. Alikuwa dalali sokoni Kibaigwa, na malori hayangoji matanga yaishe. Shangazi, dada yake, akaja kukaa nasi. Alipika, alifua, na kila jioni alituambia tusilie kwa kuwa mama yuko mahali pazuri. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akauliza kama huko kuna basi la kurudi. Shangazi akamwambia ale.

Baba hakujua azungumze nini na watoto. Kuhusu mahindi angeweza kuongea na mtu yeyote mpaka jua lizame. Sisi alituuliza, "Mmekula?" Tukijibu ndiyo, mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nadhani mwalimu wangu wa darasa aliliona hilo, maana alimwita shuleni akampa riwaya ya watoto iliyohusu familia iliyofiwa na mama.

"Wasomee mwenyewe," alimwambia. "Usimwachie binti."

Basi akatusomea. Kila jioni kabla ya chakula alikaa uani kwenye kigoda, akasoma kwa sauti pekee aliyokuwa nayo, ile ya kumfikia dereva aliye upande wa pili wa lori. Jirani yetu, mama muuza mkaa, akaanza kutuomba tusianze mpaka awe amebandika sufuria. Siku baba alipochelewa sokoni, jirani ndiye aliyempigia simu.

Katika sura ya tatu mama wa kwenye kitabu alifariki. Baba aliisoma sentensi hiyo kama mtu anayetangaza kwamba bei imeshuka. Ng'ambo ya ua jirani akasema, "Jamani."

"Mama yupi?" mdogo wangu akauliza.

"Wa kwenye kitabu."

"Na wetu?"

Baba akautazama ukurasa kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa pale. "Wetu pia," akasema. "Alifariki. Harudi."

Hakuna mtu mzima aliyekuwa ametuambia hivyo. Mdogo wangu akalia, nami nikalia, jirani naye akalia. Baba akaenda kuwaangalia mbuzi, ambao hawakuwa na tatizo lolote, akakaa huko hadi ugali ukapoa. Kesho yake akaendelea na sura ya nne.

Tulipofika katikati akakifunga kitabu ghafla. "Kimeisha."

"Baba, bado kuna kurasa nyingi."

"Hizo ni za mchapaji."

Jumamosi nikazisoma kurasa za mchapaji. Baba wa kwenye kitabu alikuwa ameleta mke mpya. Hapo nikamfikiria mama mmoja wa Kondoa aliyekuwa akiuza chai na vitumbua sokoni. Baba hakupenda vitumbua, lakini siku hizo alirudi navyo nyumbani mara kwa mara. Kesho yake nikamfuata alipokuwa akinyoa ndevu.

"Baba, anaoa."

Wembe ukasimama. "Nani?"

"Baba wa kwenye kitabu."

Akanyoa shavu moja lote. "Na watoto wanasemaje?"

"Wanamfichia mke mpya viatu vyake."

"Halafu?"

"Halafu wanavirudisha."

"Baada ya muda gani?"

"Sura mbili."

Alionekana kupiga hesabu. Sura mbili, naona, zilimfaa.

Shangazi hakukubali. Yule mama ni Mwislamu, alisema, na sisi ni watu wa kanisani, Krismasi tutafanyaje? "Tutakula," baba akajibu. Wakafunga ndoa bomani, shangazi akiwa amevaa nguo aliyovaa msibani.

Mimi nilimchukia yule mama kwa adabu. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikatazama ukuta. Mdogo wangu hakuwa na subira hiyo. Siku ya tatu asubuhi, mama yule alipotaka kwenda sokoni, viatu vyake havikuwepo. Alitafuta chini ya kitanda, alitafuta nyuma ya mtungi, hakuuliza mtu. Mlangoni palikuwa na jozi moja tu, kandambili za marehemu mama. Tangu msiba hakuna aliyezigusa. Hata shangazi alifagia kuzizunguka.

Akazitazama. Kisha akanitazama mimi. "Za mama yenu?"

"Ndiyo."

"Haya."

Akajitwisha beseni lake la vitumbua, akatoka peku. Wakati ule wa kiangazi njia ya sokoni ilikuwa imejaa mbigili, miiba midogo inayopenya hata soli nyembamba. Nilisimama mlangoni nikamtazama akienda, akiruka, akisimama kuchomoa, akiendelea. Nilitaka kumwita. Sikujua nimwite nani, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwita chochote.

Mchana alirudi, akaketi barazani, akaanza kuchomoa miiba kwa pini, mguu juu ya goti, kama mtu anayechagua mchele. Mdogo wangu alimtazama kwa muda. Akaingia kwenye banda la mbuzi, akatoka na viatu, kimoja kikiwa kimetafunwa ukanda, akaviweka mbele yake.

"Mbuzi kala," akasema.

"Naona."

"Inauma?"

"Inauma sana," akasema mama yule.

Nikaleta maji ya chumvi kwenye karai. Aliingiza miguu, akashusha pumzi, na mimi nikasema, "Pole, mama mdogo." Ndilo jina nililompa, na hadi leo sijalibadilisha.

Alitulea. Alinifundisha kukanda unga wa vitumbua na kutowaamini wanaume wanaovinunua kila siku. Krismasi tulikula, Idi tulikula, baba akanenepa. Nilipoolewa, mshereheshaji aliita mama wa bibi harusi asimame, akasimama yeye. Shangazi alikuwa pembeni yake. Alimshikia mkoba, akamtengenezea mtandio, kisha akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima kwamba asilie, atachafua wanja.