Kaburi Lililopakwa Ukutani

Harufu ya chokaa mbichi ikinipata, hata leo, hunijia sura ya Baba Mkubwa, na Mungu anisamehe, dharau hunijaa mpaka puani.

Mtu yule alikuwa mwingi wa maneno. Hakai barazani ila atatusimulia msikiti wa kale ulioanguka pale Kaole, jinsi mababu zetu walivyoujenga kwa matumbawe, na kaburi la mkuu wao lenye nguzo ndefu. "Damu ile ndiyo hii," husema, akijipapasa kitambi. Huko Kaole kwenyewe hakanyagi. Aliyefagia na kufukiza ubani kila Ijumaa ni Bibi, mama yake mzazi, nami nikimshikia kata ya maji.

Mwaka ule Waingereza walitafuta jumbe mpya kutoka ukoo mkongwe. Baba Mkubwa akautaka ujumbe hata usingizi ukampaa. Akasikia mkuu wa wilaya anakuja, akaamua kuipaka nyumba chokaa. Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa, lakini kuyavunja baharini aliona kazi ndefu, akawatuma vibarua wakachukue mawe Kaole.

"Tuchukue yapi, mzee?" wakamwuliza.

"Mawe ni mawe!"

Wakayachukua yaliyo karibu na njia, wakayachoma juu ya magogo. Nyumba ikawa nyeupe pe.

Mzungu alipofika aliisifu, kisha akaomba kuonyeshwa kaburi la huyo babu mkuu aliyekuwa akisimuliwa. Tukaandamana naye. Tulikuta kifusi na shimo. Baba Mkubwa akazunguka, akachungulia vichakani, kana kwamba nguzo imekwenda haja na itarudi.

"Lilikuwa hapa, bwana," akasema.

"Bado lipo, mwanangu," akajibu Bibi. "Umelipaka ukutani."

Ujumbe alipewa mwingine. Baba Mkubwa akadai amerogwa, maana mjinga haishiwi sababu.

Ijumaa iliyofuata Bibi hakwenda Kaole. Alisimama mbele ya nyumba ya mwanawe, akafukiza ubani chini ya ukuta, akainua viganja akasoma Fatiha. Akafanya hivyo kila Ijumaa, mpaka masika yakaiosha chokaa yote. Nilimhurumia, nikidhani anamwombea mwanawe. Nilikuwa mtu mzima, Bibi mwenyewe yuko kaburini, nilipong'amua kwamba alikuwa akizuru kaburi.

Baba Mkubwa hakung'amua kamwe. Kila Ijumaa alikuwa akiitikia kutoka ndani, kwa sauti nzito ya mtu mkubwa anayeombewa: "Amin, mama! Amin!"