Wiki za Kambi Chini ya Shali

Jumatano asubuhi, soko la mifugo la Garissa limejaa. Vumbi limepanda hadi magotini mwa ngamia, na Abdijabar Alio hawezi kusimama mahali pamoja. Anamshika mbuzi sikio, anamwachia. Anaangalia simu, anairudisha mfukoni. Anamfuata mnunuzi aliyetoka Nairobi, anamvuta hadi kwa mzee mwenye mbuzi kutoka Hulugho, kisha anafunika mkono wake na wa mnunuzi kwa shali, na vidole vinaanza kuongea.

Hivi ndivyo dalali wa hapa anavyouza. Bei haitamkwi. Kidole kimoja kikishikwa ni elfu moja, mkono mzima ni elfu tano. Wanaosimama kando huona kitambaa kikicheza tu. Hawajui nani ameshuka na nani amekaza.

Mbuzi anauzwa. Mzee anaridhika. Abdijabar hata hatabasamu.

"Wallahi, hawa mbuzi si shida," anasema, akijifuta jasho kwa pembe ya shali. "Shida ni jioni."

Jioni anangojewa na biashara ya aina nyingine. Abdijabar, mwenye umri wa miaka 28, ni beki wa kushoto na nahodha wa Nuru ya Tana, timu inayocheza ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Wachezaji wenzake wamemtuma akapatane na kocha kuhusu jambo lililowagawa tangu msimu uishe: kambi ya maandalizi ya msimu mpya iwe ya wiki ngapi. Kocha anataka nane. Wachezaji wanataka nne.

Kwa jina, hii ni timu ya kulipwa. Lakini mshahara huanza na mechi ya kwanza. Kambini mchezaji hupata chakula cha mchana na nauli, basi. Mazoezi ni asubuhi na alasiri, saa zilezile ambazo mtu angekuwa kazini. Jumatano nzuri humpa Abdijabar kama shilingi elfu mbili. Wakati wa kambi, Jumatano hiyo huenda kwa dalali mwingine.

Kipa wa timu, Abdimalik, huendesha lori la kupeleka maji Dadaab. Mwaka juzi, kabla kambi haijaisha, tajiri wake alimpa mtu mwingine funguo za lori, na ilimchukua muda mrefu kuzipata tena.

"Nikimaliza wiki nane niko na mapafu ya farasi, na nyumbani hakuna sukari," anasema. "Farasi gani anakunywa chai bila sukari?"

Kocha Hirsi Abdullahi hucheka akisikia hivyo, lakini habadilishi msimamo. Msimu uliopita klabu ilichelewa kupata pesa, kambi ikawa ya wiki tatu tu. Mechi chache baadaye, nusu ya walinzi wake walikuwa wanachechemea.

"Mtu ametoka kukaa kwenye lori, unamrusha ndani ya mechi kwa joto hili la kwetu. Atachanika," anasema Hirsi. "Halafu klabu inamsahau, na mimi ndiye nakutana na mama yake msikitini."

Mmoja wa waliochanika ni Abdijabar mwenyewe. Alikuwa anamkimbiza winga katika mechi ya pili aliposikia kitu kimekatika nyuma ya paja la kulia. Alimaliza msimu akitazama kutoka kando. Daktari wa hospitalini alimshauri arudi polepole, mbio ziongezwe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

Wenzake wanadhani amepona. Hajapona. Aliyetumwa kudai wiki nne ndiye anayehitaji nane kuliko wote, na wakipatana chini ya shali kama sokoni, hakuna atakayeona vidole vyake vimeomba nini.

Kwa nini basi alikubali kutumwa? Kukataa kungetaka sababu, na sababu ni mguu.

Mkewe, Ruweyda, huuza maziwa ya ngamia karibu na lango la soko. Anasema hajalala vizuri wiki nzima.

"Usiku, ule mguu wake unaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba," anasema, akimpimia mteja maziwa. "Nilimwambia, waambie wenzako ukweli. Akaniambia, mama Hamdi, wakijua watatuma mtu mwingine, na huyo mwingine hajui kupatana. Sasa mimi niseme nini? Ni kweli hawajui."

Baada ya swala ya alasiri, wachezaji wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanja. Kiwanja ni mchanga mtupu wenye magoli mawili. Hirsi anafika na koni zake mkononi. Yeye ni mtoto wa dalali. Alikulia katika soko hilohilo.

"Warya, wewe, lete shali," anamwambia Abdijabar. "Leo tuone kama soko lilikufundisha kitu."

"Walaal, ndugu yangu, usituuze kwa bei ya kondoo mwenye kikohozi," Abdimalik anasema kutoka ukutani, na wengine wanacheka.

Shali linafunika mikono miwili. Vidole ni vya wiki, masharti yananong'onwa. Hirsi anatazama mbali kuelekea mtoni, kama mtu asiyemtaka kabisa mbuzi aliye mbele yake. Abdijabar anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Kisha Hirsi anainama na kumnong'oneza jambo sikioni, na Abdijabar anachomoa mkono ghafla kama aliyegusa jiko.

Anaondoka. Anatembea hadi kwenye goli, anashika mwamba wake, anasimama akiwa amewapa wote mgongo. Ukutani hakuna anayecheka tena. Abdimalik ameinuka nusu. Hatimaye Abdijabar anarudi, anaokota shali, anatoa mkono.

Safari hii haichukui muda. "Bismillahi," anasema Hirsi, na mikono inaachana.

Wiki tano. Mazoezi mara moja kwa siku, baada ya swala ya alfajiri, ili kila mtu awahi kazi yake. Hirsi naye amepata chake: kila mchezaji atafika kambini akiwa ameshajiandaa kwa mbio peke yake, na siku ya kwanza watapimwa. Atakayeshindwa hatasajiliwa hadi katikati ya msimu.

Wachezaji wanamvamia nahodha wao. Abdimalik anamnyanyua juu, anamwita waziri. Abdijabar anatua kwa mguu wa kushoto.

Wakati wengine wanatawanyika, Hirsi anakusanya koni na kusimulia alichokinong'ona.

"Mimi naujua mguu wake, naona unavyokanyaga," anasema. "Nilimshika vidole vya wiki saba. Nikamwambia, kubali saba, na nafasi yako naiweka hata ukichelewa kupona. Hapo ndipo akachomoa mkono." Anafunga koni kwa kamba. "Baba yangu angempa huyu ngamia wake wote akauze, na yeye abaki nyumbani amelala."

Abdijabar hapendi kuliongelea. Anakunja shali, analikunjua, analikunja tena.

"Dalali akila na mnunuzi, mwenye mbuzi atajua tu, hata kama si leo," anasema. "Na wenye mbuzi ni wale." Anawaonyesha kwa kidevu wenzake wanaotoka langoni. "Lakini mimi mwenyewe nimejiuza bei mbaya. Hiyo siwezi kukataa."

Akiulizwa kama kambi zifupishwe, anajibu bila kufikiri. "Walipe watu wakiwa kambini, halafu warudi waulize swali hilo. Leo mtu akisema wiki nne, haongei kuhusu mpira. Anaongea kuhusu unga."

Mpango wake ni kukimbia kwenye mchanga wa ukingo wa Tana kila asubuhi kabla ya soko, polepole kwanza. Anataka kupimwa mbele ya wote, bila kuhurumiwa. Na siku ya mechi ya kwanza, kama atakaa benchi, iwe ni kwa sababu kuna mwenye uwezo zaidi yake.

Hangoji asubuhi. Analifunga shali kwenye paja la kulia, anakaza fundo, na kuanza kuzunguka kiwanja kilichobaki kitupu, hatua fupi, akiusikiliza mguu.

Abdimalik, ambaye ameshapanda lori lake nje ya lango, anatoa kichwa dirishani.

"Nahodha! Kambi bado haijaanza."

Abdijabar hasimami. "Yenu ndiyo bado," anasema.