Sahani Hairudi Tupu

Nina kipaji kimoja tu maishani, na siku niliyokihitaji kweli kilinitupa. Nikiuona mkate wa kumimina naweza kukuambia aliyeuoka alikuwa na hali gani. Ukipasuka juu, hamira ilizidi. Ukibonyea katikati, mwenyewe alikosa subira akafunua mfuniko kabla ya wakati. Ukiwa mwekundu upande mmoja na mweupe upande wa pili, sufuria ilikaa kombo au mpishi alikuwa na simu sikioni. Wanawake wa mtaani kwetu hapa Kariakoo huniletea vipande vyao niwasomee, wengine kwa utani tu, na mimi simwonei mtu haya. Mwaka mmoja nilimwambia jirani, "Wewe jana uligombana na mumeo, iliki hii haikutiwa na mkono uliotulia." Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa kweli.

Ujuzi huu nilipewa na mama, na hakunipa mimi peke yangu. Tulikuwa wawili, dada yangu na mimi, tukipishana miaka mitano, na sote tulifundishwa uani pale pale ninapooka hadi leo. Nyumba yetu ni miongoni mwa zile za zamani chache zilizobaki mtaani, vyumba sita na ukumbi katikati. Pande tatu zimesimama ghorofa. Jua linatuingilia uani saa sita, linakaa kidogo, linaondoka, na siku zote kuna jenereta ya mtu inayonguruma juu ya vichwa vyetu. Kuanika mchele imekuwa kazi ya kuvizia.

Mama alikuwa anasema mkate wa kumimina unapikwa na watu wawili, moto wa chini na moto wa juu. Unga wa mchele uliosagwa na tui ukishaumuka, unaumimina kwenye sufuria yenye mafuta ya moto. Chini ukishashika, ndipo unapalia: unapakia makaa juu ya mfuniko wa chuma, unaupunguza moto wa chini, unasubiri. Kupalia ndiyo kazi yenyewe. Mfuniko ule ni mzito ukiwa mtupu, sembuse ukiwa na makaa, na utauinua mara mbili au tatu kuchungulia, kwa mkono mmoja, bila kudondosha jivu ndani. Mama alikuwa akitushika mkono wa kulia juu ya kiwiko, anauminya, anasema, "Mkate uko hapa."

Kitu cha pili alichotufundisha ni sahani. Sahani ya mtu ikija na chakula, hairudi tupu. Kama umepika, unatia ulichopika. Kama hukupika, unatia matunda, au kikombe cha sukari. Kama huna kabisa, alisema mama, tia hata chumvi ya kukoza mchuzi, lakini usimrudishie mtu sahani yake anaiona matako. Kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia kwamba yamekwisha baina yenu. Sijawahi kusikia mtu mzima akifanya hivyo kwa kusahau.

Mama aliugua miaka minne, na mimi ndiye niliyemuuguza. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha, na katikati ya hayo mume wangu alichoka akaenda kupumzika kwa mwanamke mwingine moja kwa moja. Dada alikuwa anaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, yeye na binti yake. Alikuja kila Ijumaa na papai na maneno ya kutia moyo. Papai lile lilikuwa linanikera kuliko ambavyo ningekereka kama asingekuja kabisa.

Siku ya arobaini ya mama, wanawake wamejaa uani, vyombo vinaoshwa, nilianza kulalamika. Nilisema kwa sauti ya kusikiwa kwamba wengine huzaliwa kuuguza na wengine kuja na papai. Dada alikuwa anakausha glasi. Hakuinua uso.

"Nani alikutuma?" akasema. "Mimi nilikuomba mara mbili nimchukue mama kwangu. Umejipalia makaa mwenyewe, mdogo wangu, usitulilie sisi."

Kujipalia makaa, kila mtu anasema, ni maneno ya kawaida tu kwa mtu aliyejitafutia balaa. Lakini kusemwa vile, katika ua ule, na mtu aliyefundishwa kupalia pamoja nami, mbele ya wanawake wanaojua mume wangu yuko wapi! Niliona kama amechukua mfuniko na makaa yake akanimwagia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Alikuwa ameniomba mara mbili. Nilikataa mara mbili, kwa sababu nilitaka mimi ndiye niwe mtoto mwema, na mtoto mwema hawezi kuwa wawili.

Hatukusemeshana tena. Miezi saba. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, lakini nilikuwa nikienda Posta nazunguka nisipite chini ya dirisha lake.

Ramadhani ikafika. Siku moja alasiri nilirudi sokoni na nazi zangu, nikamkuta jirani barazani ameshika kitu kimefunikwa kwa kawa.

"Dada'ako kaja," akaniambia. "Kakaa hapa kidogo, anahema huyo! Nikamwambia msubiri mwenzio, akasema atachelewa kupanda ngazi zake."

"Swaumu hiyo," nikasema.

"Haya. Mimi nimekwambia."

Nilifunua kawa. Ilikuwa sahani ya mama, ile ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyobanduka rangi mahali pawili. Dada aliichukua siku ya kugawana vitu na sikuthubutu kuidai. Juu yake mkate wa kumimina mzima. Nasema ukweli, moyo ulinilegea. Nikachukua kisu nikaukata pale pale, nikiwa nimesimama.

Ulikuwa mbichi. Juu mweupe, hauna hata rangi ya chai. Chini umeungua. Katikati kisu kilitoka na uji. Mkate ule haukupaliwa, au ulipaliwa kwa vijiko viwili vya makaa vya kudanganyia.

Jirani alichungulia. "Mh," akasema.

"Huu ni mkate," nikamwuliza, "au uji uliosimama?"

Tukacheka. Mimi nilicheka sana. Kisha jirani akaenda zake, na nikabaki na ule mkate na hasira ikinipanda taratibu. Nikausoma, kama nilivyozoea. Nikajiambia: huyu anajua kuoka, tulifundishwa pamoja. Anajua pia mimi naishi kwa mikate, watu wananiagizia mpaka kutoka Feri. Mtu kama huyo haniletei mimi mkate mbichi kwa bahati mbaya. Ameoka harakaharaka, kwa kutimiza wajibu, ili kesho aseme nilimpelekea, na akaona kwa yule zuzu hata mbichi atakula. Ndivyo nilivyousoma. Niliwapa kuku wa uani, nao wakaula.

Sahani nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne niliiosha vizuri, nikaikausha, nikaiweka kwenye mfuko, nikatoka. Jikoni kulikuwa na mikate mitano ya maagizo inapoa. Kulikuwa na sukari, kulikuwa na tende, na chumvi ilikuwepo pia. Nilivipita vyote nikivitazama. Sikusahau.

Nilipanda ngazi za dada mpaka ghorofa ya tatu, nikabisha hodi. Akafungua mwenyewe. Alikuwa amejifunga khanga mabegani, upande wa kulia ameuvuta mpaka kwenye vidole, na joto lile la Dar. Alikuwa amekonda. Niliona, na nikajiambia mwezi wa kufunga kila mtu anakonda.

Nilimpa sahani. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Hilo pia niliona, na nikajiambia: kumbe na adabu imemtoka.

Aliangalia ndani ya sahani. Aliangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba kitu hakimo.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Karibu ndani."

"Nina mkate motoni."

Sikuwa na mkate motoni. Kutoka chumbani nikasikia sauti ya binti yake, "Mama, nani huyo?" Sikusubiri jibu. Niliteremka ngazi nikijisikia mwepesi, na barabarani nikanunua maembe, nikafika nyumbani nikapika futari nzuri.

Mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, asubuhi, binti yake alinipigia simu. "Mama mdogo, mama yuko hospitali. Njoo." Nilikuta amelala, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto, umevimba kama si wake. Kansa ya titi, ilikuwa imeshaingia kwapani na kwenda kwingine. Kumbe, binti yake akaniambia, alikuwa anajua tangu kabla mama hajafa, na alinyamaza kwa sababu nyumba moja haiwezi kubeba wagonjwa wawili. Nilikaa kando yake mchana kutwa nikimwita. Hakuamka. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri.

Kwenye msiba nilifanya kazi kama punda. Nilipika, nilitandika mikeka, nilipokea wageni, na nilishukuru kila aliponituma mtu. Nilikuwa naogopa kukaa. Siku ya tatu, watu wamepungua, yule binti akaniita jikoni. Jiko lao liko mlangoni kabisa, ukiingia tu unaligusa. Alikuwa anapanga vyombo, na ile sahani ya ukingo wa buluu ilikuwa mkononi mwake.

"Mama mdogo, nilikuwa sijakushukuru," akasema.

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Ile sukari."

Sikuelewa. Nikadhani anazungumzia mambo ya msiba.

"Ile uliyoleta Ramadhani," akasema, "kwenye hii. Maana mama siku ile alioka ule mkate kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nikusaidie kupalia, hataki. Mfuniko unamshinda, analia, hataki. Akasema, niache, huyu mdogo wangu anasoma mikate. Akiukata tu atajua naumwa. Sitahitaji kumwambia kwa mdomo."

Nilishika ukingo wa sinki.

"Basi ulipokuja ukaondoka, nikamkuta amesimama hapa hapa na sahani ina sukari. Nikamwuliza, mama mdogo kasemaje? Akasema, kaleta sukari, kaelewa. Akasema tusikusumbue, una maagizo mengi mwezi huu, utakuja ukinafasika." Akaifuta sahani kwa ncha ya khanga. "Alifurahi sana. Tuliitia kwenye uji mpaka ikaisha."

Kopo la sukari lilikuwa palepale juu ya rafu, usawa wa bega. Nikalitazama. Nikamwona dada ananifungia mlango, anageuka, mkono wa kulia haufanyi kazi, anaweka sahani tupu chini, analifungua lile kopo kwa mkono wa kushoto, anamimina, harakaharaka kabla mtoto hajatoka chumbani. Alinisitiri. Nilikwenda kumwambia yamekwisha baina yetu, naye akachukua sukari yake mwenyewe akaniandikia jibu zuri.

Ningeweza kumwambia yule binti ukweli. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nikaona nikisema nitakuwa nimempokonya kitu cha mwisho alichofanyiwa na mama yake.

"Ilikuwa kidogo tu," nikasema.

Huo ndio uongo ninaoishi nao. Nimejiuliza sana kazi yangu duniani ni nini kama si ile niliyodhani. Nilijiona mtu wa kusoma mikate, na wa kwangu mwenyewe, ulioandikwa kwa herufi kubwa namna ile, niliwapa kuku. Siku hizi wanawake wakiniletea vipande nawaambia, "Mtamu, umeiva," hata kama haujaiva, na kisha naenda kuwabishia hodi niwatazame. Wanadhani nimezeeka. Wengine wananitania kwamba macho yangu yameshaanza kuniacha.

Yule binti alinipa sahani siku ile ile. Alisema ni ya bibi, na mimi ndiye niliyebaki. Kila Ijumaa naoka mkate, naupalia mpaka uwe mwekundu pande zote, nauweka juu yake, napanda zile ngazi. Ananiamkia, "Shikamoo, mama mdogo," naitikia, tunakaa, tunakula kipande. Kisha anasimama kwenda jikoni kuosha sahani, na mimi nasikia kifuniko cha kopo kikifunguka. Mtoto amelelewa vizuri. Kila Ijumaa ananirudishia sahani imejaa sukari, maana anaamini hiyo ndiyo desturi yetu, mama yake na mimi.

Naipokea kwa mikono miwili. Nikifika nyumbani naimimina kwenye kopo langu, naiosha sahani, na mkate wa Ijumaa inayofuata nautia sukari hiyo hiyo.