Gari Lililochakaa kwa Kukaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye figo za mke wangu zilipochoka alitujalia mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya Garissa. Kwa hilo namshukuru usiku na mchana. Waliotakiwa kumfikisha kwenye mashine hiyo ndio walionishinda kuwashukuru.

Tunaishi Balambala. Mara mbili kwa wiki mke wangu alitakiwa awe Garissa asubuhi, na jamaa wa ng'ambo walichanga wakanunua gari kwa kazi hiyo peke yake. Walimkabidhi shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na leseni. Sifa nyingine hana.

Tukirudi kutoka hospitali, shemeji hakuliacha gari lipumzike. Alilisimamisha kando ya soko, akapandisha vioo, akawasha kiyoyozi na kuwaita wenzake watatu. Humo walitafuna miraa tangu alasiri, na adhana ya magharibi iliwakuta mashavu yamejaa. Siku zisizo za hospitali walianza adhuhuri. Injini haikuzimwa. Watu wazima wanne, wenye ndevu, walichoma petroli ili wakae. Mke wangu alisema kaka yake hajipoozi mwenyewe, anayapooza majani yasinyauke.

Kisha injini ikaanza kulia. Alfajiri, ikiwashwa ikiwa baridi, ilitoa mlio kama kokoto ndani ya kopo, kisha ikanyamaza. Tukiwa Garissa tulimwonyesha fundi, mtu mtulivu kutoka upande wa Mwingi. Alichomoa kijiti cha oili, akatuonyesha oili nyeusi, nzito kama lami. Alieleza kwamba cheni ya taimingi, ile inayopatanisha valvu na pistoni, haikatiki ghafla kama uzi. Hulegea kiungo kwa kiungo, reli za plastiki inamopita hulika, na kifaa kinachoikaza hutegemea oili safi. Alisema nyingi hufika kilomita laki mbili na baadhi hupita, lakini ikishaanza kulia haingojwi. Na anayebadilisha abadilishe vyote kwa pamoja: cheni, gia zake, reli na kikazio. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika ni kazi bure.

Shemeji akaigonga geji ya kilomita kwa kidole. Ilisoma elfu tisini na kitu.

"Hiyo inahesabu mwendo," fundi akasema. "Haihesabu kukaa, na cheni inazunguka hata gari likisimama." Akanigeukia. "Mzee, hili gari huwa linakaa likinguruma?"

Nikatazama chini. Kwetu mtu hamwaibishi kaka wa mkewe mbele ya mgeni, na niliita kimya changu subira.

"Cheni si mkanda wa kubadilishwa, bwana," shemeji akamwambia fundi. "Cheni huzikwa pamoja na gari." Kuanzia siku hiyo alipowasha injini aliwasha na redio, kwa sauti kubwa.

Wiki ya tatu baada ya hapo, njiani kwenda Garissa, kokoto zilirudi na hazikunyamaza. Kishindo kimoja, gari likafa. Cheni ilikuwa imeruka meno, valvu na pistoni zikagongana. Miguu ya mke wangu ilikuwa imevimba, pumzi zake fupi. Shemeji alifungua boneti akasimama akitazama, kama vile chuma kingemwomba radhi. Akawapigia simu wenzake watatu. Hakuna aliyepokea, saa hizo watu wa namna hiyo ndiyo kwanza wanalala.

Waliotuokoa ni akina mama wa maziwa ya ngamia. Pikapu yao ilikuwa imejaa hadi juu. Wakabebana mapajani, wakampakata mgonjwa wangu katikati ya mitungi. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Alifika akiwa amechelewa sana, na muuguzi mmoja, Mungu amlipe, akamwekea zamu ya mwisho. Alipona siku ile, alhamdulillahi.

Mimi nilibaki barabarani na shemeji. Hapo nikamwambia wazi kwamba alikuwa ameiua injini kwa uvivu, na kwamba nusura amuue dada yake kwa majani.

Hakukasirika. Aliketi chini kwenye vumbi, akauliza, "Shemeji, mbona hukumwambia fundi?"

Nimesoma vitabu vya dini tangu utotoni, na mwenye mashavu yaliyojaa ndiye aliyeniuliza swali la haki. Nilimdharau sana, lakini asubuhi ile nilijidharau zaidi. Kimya kile cha mbele ya fundi sikukiita tena subira. Kilikuwa woga.

Injini ilifunguliwa, vyote vikabadilishwa. Ufunguo sasa hufungwa kwenye pindo la shela ya mke wangu, na akishuka garini huondoka nao.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akufikishe salama uendako, akupe jamaa wanaosema mapema, na moyo wa kuwasikia. Amin.