Vibakuli Saba vya Bi Dema

Mgogoni yote, kule Pemba, walimjua Mwatum binti Nassor kwa kisa chake cha msala. Jioni, wanawake wa kikundi wakikaa uani kwake kuchambua karafuu, hakosekani mmoja wa kusema, "Mwatum, hebu tutolee ya yule mzungu." Naye alikuwa hachelewi. Humpa jirani mtoto ampakate, akavaa viatu vya mumewe, akaingia uani kwa mwendo wa maringo kama bata, na wenzake wakacheka mpaka makonyo, vijiti walivyokwisha kuvitenga, yakachanganyika tena na karafuu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kikundi chao kilipokea wageni waliotaka kuona maisha ya shamba, namna karafuu inavyochumwa, ukili wa mikeka unavyosukwa na mchuzi unavyoungwa. Mwatum ndiye aliyewakaribisha, maana nyumba yake ilikuwa kando ya njia na ulimi wake ulikuwa mwepesi. Siku moja msichana mmoja, jina lake Klara, aliingia na viatu vyake vya matope akasimama juu ya msala uliokwisha kutandikwa kwa sala ya adhuhuri. Mwatum aliuvuta msala hata msichana akapepesuka. Akautoa uani, akaumwagia ndoo tatu za maji mbele ya watoto wa jirani, huku akisema kwa sauti, "Kwao hawafunzwi hawa?" Klara hakujua maneno, lakini maji aliyaona. Alilia. Kabla ya kuondoka alimwomba mtoto wa skuli amwandikie neno moja kiganjani, kisha akalinakili kwenye kitabu cha wageni, chini ya jina na anwani yake: Samahani. Herufi zilikaa upandeupande. Basi na hizo herufi nazo Mwatum alizitia kwenye kichekesho chake, na watu wakacheka zaidi.

Miaka mitatu baadaye ulikuja mradi uliotaka watu sita, wa Visiwani na wa Bara, waende nchi ya Bhutan wakaone jinsi wanawake wa mashambani huko wanavyowalaza wageni majumbani mwao. Mize, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, hakufikiri mara mbili.

"Aende Mwatum," alisema. "Adabu za wageni nani azijuaye kama yeye?"

Mwatum alimwachia mama yake mtoto mdogo, Bakar, aliyekuwa amemwachisha ziwa mwezi ule. Katika mkoba alitia kishati chake kimoja ambacho hakikufuliwa, ili awe akikinusa.

Bhutan ilikuwa milima, na nyuma ya milima, milima. Gari lilipanda kwa kuzungukazunguka hata masikio yakaziba. Vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua zao vilitungwa kwenye kamba kutoka kilima hadi kilima. Kiongozi wa safari, kijana mpole aliyevaa vazi kama kanzu lililofungwa kiunoni likaishia magotini, alieleza kila kitu kwa Kiingereza, na Othman, mwalimu wa skuli kutoka Unguja, aliwafasiria wenzake. Kila penye mnara mdogo mweupe waliambiwa wauzunguke kwa mkono wa kulia. Mwatum, aliyeishia darasa la saba, hakuandika kama wenzake. Aliangalia. Aliona pilipili nyekundu zimeanikwa juu ya mapaa, akasema moyoni, kumbe na wao wana karafuu zao.

Siku ya tatu walifika katika kijiji watakamolala siku mbili. Kila mgeni alipewa nyumba yake. Mwatum alipata kwa bibi mmoja mfupi, uso umekunjamana kwa baridi, mjukuu mgongoni. Jina lake Dema. Mwatum alicheka kimoyomoyo, kwani dema kwao ni mtego wa samaki, lakini alipomtazama yule bibi alivyomfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa, ule upande wa chini ukiwa umekazwa na wa juu kulegezwa ili mtoto apumue, alimpenda papo hapo.

Bi Dema alimpandisha juu, akamwingiza katika chumba kizuri kuliko vyote, mbao zimechorwa maua, sakafu inateleza kwa kupigwa nta. Ukutani palikuwa na kabati kubwa la nakshi lililofunikwa pazia la hariri. Mbele ya kabati, juu ya ubao, vilipangwa vibakuli saba vya shaba, vimejaa maji safi hadi ukingoni, vimenyooka kama safu ya watu walioambiwa wasitikisike.

Ilikuwa alasiri, na wakati wa sala ulikuwa unakwenda. Mwatum alisimama akavihesabu. Saba. Cha viganja, cha kusukutua, cha pua, cha uso, cha mikono, cha kichwa, cha miguu. Machozi yalimlengalenga. Huyu bibi wa milimani, asiyejua Uislamu wala Pemba, kumbe ameuliza, ameambiwa kiungo kwa kiungo, akampangia mgeni wake maji ya udhu. Ama kweli watu wanajua kupokea wageni, aliwaza, na sisi kwetu mgeni tunamwonesha kata na mtungi, basi.

Akavitoa kimoja kimoja kwenye roshani, akatawadha kwa utulivu. Cha saba aliimwagia miguu yote miwili, akasugua na visigino. Alisali, akamwombea bibi heri. Kisha akavikausha vibakuli kwa mtandio wake, akavipachika kimoja ndani ya chengine, akashuka navyo ngazi kwa mikono miwili na kumkabidhi Bi Dema.

"Ahsante sana, mama. Mungu akulipe."

Bi Dema alivipokea. Alivitazama, kisha akaitazama miguu ya Mwatum iliyokuwa bado imelowa. Mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa karibu na moto, alijiziba mdomo kwa kiganja. Bi Dema alimgusa bega kidogo tu, mtoto akashusha mkono. Halafu bibi akatabasamu, akasema neno la upole, akampa Mwatum kikombe cha chai.

Ilipofika magharibi Mwatum alikuta mlangoni mwake birika la maji ya moto, beseni na taulo safi. Akazidi kushangaa kwa ukarimu ule. Vile vibakuli vilikuwa vimerudi mahali pake, vimefudikizwa, na asubuhi alipoamka alivikuta vimejaa tena. Hakuvigusa, maana birika lilikuwapo. Alidhani bibi anampa na haya na yale.

Siku hiyo walipandishwa kwenye hekalu la kale lililojengwa ubavuni mwa jabali. Ndani palinuka moshi wa ubani, na Mwatum alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu ya masanamu. Kiongozi aliwaonesha ubao uliokuwa mbele ya sanamu kubwa. Juu yake kulikuwa na vibakuli saba.

Othman alifasiri maneno ya kiongozi kama anavyosomesha darasani. "Anasema haya ndiyo maji ya sadaka yao. Kila nyumba ina mahali pake pa ibada, na hivi huwekwa kila asubuhi na kuondolewa jioni. Hutumia maji kwa sababu hata maskini anayo, atatoa bila kinyongo. Anasema wanaojaza huziba midomo yao kwa kitambaa, hata pumzi isiyaguse. Na mgeni wa heshima hulazwa chumba hicho hicho, kwa kuwa ndicho bora nyumbani."

Mwatum aliinamisha kichwa. Alitazama miguu yake ndani ya soksi. Alimwona yule mtoto na kiganja chake mdomoni. Akaliona birika. Halikuwa la nyongeza hata kidogo. Bibi alikuwa amemrekebisha, na amemrekebisha kwa namna ambayo yeye mwenyewe, mrekebishwaji, hakuona.

"Umekuwaje, Bi Mwatum?" Othman aliuliza. "Mlima umekupanda kichwani?"

"Baridi tu, mwalimu."

Usiku ule hakupata usingizi mapema. Alikinusa kishati cha Bakar, lakini kilichomjia hakikuwa harufu ya mwanawe, ni sauti ya ndoo tatu zikimwagwa uani. Alfajiri alisikia hatua. Bi Dema aliingia kwa ncha za vidole, kitambaa mdomoni, akaanza kujaza vibakuli kuanzia kushoto. Baina ya kimoja na chengine aliacha nafasi ndogo mno, ya kupita punje. Mwatum alifumba macho akajifanya amelala, kwa kuwa hakujua angeweka wapi uso wake.

Alikwisha kuamua kusema kabla ya kuondoka. Lakini kusema kulitaka midomo miwili myengine, ya Othman na ya kiongozi, wote wanaume, wote wajue kuwa mwanamke wa Pemba ameoshea miguu sadaka ya watu. Asubuhi gari lilikuja, wenzake wakaita, Othman akasimama pale pale karibu.

"Una la kumwambia mwenyeji wako? Nikufasirie."

Mwatum alifungua kinywa. "Mwambie ahsante," akasema.

Bi Dema alimtilia mkononi mtungo wa pilipili kavu, akauweka vizuri usikatike. Gari likashuka mlima kwa kuzunguka vile vile, na kwenye kila kona Mwatum alijiambia kona ijayo atasema warudi.

Mgogoni walimpokea kwa shangwe. Bakar alimkataa kwanza, akajificha nyuma ya bibi yake, kisha akaja akamng'ang'ania shingo. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, wanawake wakajaa uani kusikia habari. Pilipili zilipita mkono kwa mkono, Mize akaionja moja akakohoa hadi akapewa maji. Mwatum alieleza milima, vitambaa, nyumba za mbao. Alieleza chumba kizuri. Vibakuli alivipita.

"Haya, tumekwisha kusikia ya huko," Mize alisema, akipangusa machozi ya pilipili. "Sasa tutolee ya kwetu. Tutolee ya mzungu. Kuna wake wapya hapa hawajaiona."

Mwatum alibaki amekaa.

"Kachoka na safari," mmoja alisema.

"Basi nitaitoa mie," Mize akasema, akavaa viatu vilivyokuwa mlangoni, akaingia kwa maringo ya bata. Vicheko vikapaa. Mize akajipinda mgongo, akaandika samahani hewani, upandeupande, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Bakar naye akacheka, asijue anacheka nini, akaanza kuiga mwendo ule, vifundo vyake vikigongana.

Mwatum alimwona mwanawe akitembea kama Klara, na hapo hakuweza tena. Alimchukua akamkalisha mapajani.

"Mize, kaa," alisema. "Kuna kitu nimekiacha."

Akakisema chote, tangu kibakuli cha kwanza hadi cha miguu, na birika, na mtoto wa jirani, na alfajiri alipojifanya amelala. Hakumtazama mtu. Alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa kishati cha Bakar. Alipomaliza, Mize alikuwa akivua viatu taratibu.

Bi Kazija, mwalimu wao wa chuo cha Kurani, ndiye aliyesema kwanza. "Maji yale ulipewa, au ulijitwalia?"

"Nilidhani nimepewa."

"Sikukuuliza ulidhani nini, mwanangu."

"Nilijitwalia, bibi."

"Sala imesihi, huna haja ya kuirudia. Dhambi ya maji ya mtu ni kitu mbali. Hiyo Mungu humwachia mwenye maji akusamehe." Akaihamishia tambuu shavu la pili. "Na tena mimi nilikuwapo siku ya ndoo tatu. Nilicheka. Hiyo nayo ina mwenyewe."

Mwanamke mmoja mgeni wa kijiji aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa yule mzungu alijua ule ni msala?"

"Hakujua," Mwatum alisema. "Alijua maji tu."

Jioni, walipotawanyika, alimpigia simu Othman Unguja. Alimweleza mwanzo hadi mwisho, na Othman hakucheka, alisema tu, "Nitamtafuta yule kijana aliyetuongoza aende akamwambie bibi kwa mdomo wake. Maneno yako niyaseme vipi?" Mwatum akamwambia ayaseme kama yalivyo, na miguu asiifiche.

Kisha akakitoa kitabu cha wageni sandukuni, akakifungua penye zile herufi zilizopinda. Alilitazama neno lile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kulitazama alipokuwa akilichekea. Akachana karatasi katikati ya daftari la mwanawe mkubwa, akanakili anwani herufi kwa herufi, naye mkono wake ukapinda, maana yalikuwa maneno ya kigeni. Chini yake akaandika kwa Kiswahili, na hakutafuta wa kumfasiria. Kama Klara aliweza kumpata mtoto wa kumwandikia kiganjani, na huko kwao hatokosa mtu wa kumsomea.

"Dada Klara," aliandika, "mie ndiye niliyemwaga maji."