Sala Aliyoomba Marta

Jamani, tangu juzi naitazama simu nikingoja mtu aniambie wamekosea jina. Marta afe? Marta aliyekuwa anageuza wagonjwa wazito kitandani huku anaimba?

Lakini ni yeye. Binti yake, Ingrid, alinipigia mwenyewe. Marta wetu wa Gaithersburg, Marekani, ametutoka.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa Msalvador, wa El Salvador kule Amerika ya Kati. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee, shift ya asubuhi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na changu kilikuwa cha kujidai, kwa hiyo tulielewana sana.

Siku moja kwenye break alinisikia nikisema "meza", akaruka. Kumbe hata kwao ni mesa! Tukaanza kutafuta mengine: padri, bendera, Misa. Tulicheka mpaka supervisor akachungulia.

Hapo ndipo nilipoanza kujiona mtaalamu wa Kihispania. Mungu anisamehe.

Parokia yetu ilikuwa moja. Sisi wa Kiswahili, Wakenya, Watanzania na Wakongo wachache, tulikuwa tumeshapata pa kukaa. Baada ya Misa chumba kikubwa nyuma ya kanisa kilikuwa chetu, kwa kwaya, chai na mandazi.

Walatino, wenzake Marta wa Kihispania, walikuwa wengi kuliko sisi, lakini walisimama nyuma, wakapokea Komunyo, wakaondoka. Watoto wao walifundishwa na Marta mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo lao, mashine zikinguruma.

Na mimi nilikuwa kwenye baraza la parokia. Mwakilishi wa wahamiaji, eti!

Basi Jumatatu moja Marta akanishika mkono, akaniita dada kwa lugha yake. "Hermana, please, tell Padre. We need sala. For the children. Every Sunday."

Sala! Nani asiyejua sala? Nikasimama kwenye kikao kwa sauti ya huruma, nikasema ndugu zetu Walatino wanaomba tuwasalie watoto wao kila Jumapili. Padri akaguswa. Jumapili iliyofuata watoto wakaombewa, kanisa zima likaitikia.

Baada ya Misa Marta akanifuata, uso umejaa maswali. "Thank you for the prayer. And the sala?" Akachora hewani kwa kidole: ukuta, ukuta, ukuta, mlango.

Chumba! Kwa Kihispania sala ni chumba cha watu kukaa.

Nilipomweleza kwetu sala ni nini, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa. Akafuta machozi. "OK, hermana. Now ask for the other one."

Nikasema nitaomba.

Sikuomba.

Chumba chenyewe kilikuwa kile chetu, hakukuwa na kingine. Nilikipigania miezi mingi, na nilijua Padri akisikia kuna watoto wanaosomea penye mashine za kufulia, tutaambiwa tupishe. Wenzangu sikuwauliza hata mmoja. Labda wangekubali, na ndiyo maana sikuwauliza.

Kila Marta alipouliza, nilimjibu, "Padre is still thinking." Padri wa watu hakuwa na habari! Nilimsingizia mpaka siku alipohamishwa.

Hiyo ni misimu miwili ya baridi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa mwenye shibe wa juzi tu. Nami niliwahi kusimama nyuma kwenye kanisa lile lile, nikiona haya kukaa.

Familia mbili zikahamia kwa walokole, ambao waliwapa chumba siku ya kwanza. Marta alinieleza kwa uchungu, kisha akanifariji MIMI. "Not your fault. You ask so many times." Nikavaa gloves nikaingia kwa mgonjwa ambaye hakuwa ameniita.

Padri mpya alipokuja, alikwenda mwenyewe kuwatembelea. Wiki iliyofuata watoto walikuwa upande mmoja wa chumba, sisi upande mwingine. Na tulienea! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Muda wote ule tungeenea.

Marta akaniletea pupusa, mikate yao ya mahindi yenye maharage ndani, bado ya moto. "Because you fight for us." Nilikula tatu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mpaka leo, na kila Krismasi alinitumia kadi ya kunishukuru.

Jana Ingrid aliniomba niseme maneno mawili kwenye mazishi Jumamosi. "You got us that room, Auntie." Nikamwambia yote pale pale kwenye simu, bila kupamba.

Akasema wakati ule alikuwa na miaka minane, na kila mtu alipoingia kuchukua nguo zake, iliwabidi wote wasimame na vitabu vyao kumpisha. Hilo sikuwahi kulijua.

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema. Alisema Misa ni saa nne na nisichelewe.

Marta, dada yangu, nilikuwa na miaka yote hii ya kukuambia na nikaichezea. Nilizoea kupendwa na wewe, nikaogopa kupoteza. Sijui ungecheka kama siku ile au ungenifunga mlango. Haki ya kuchagua ilikuwa yako, nami nilikunyima.

Jumamosi nitasimama mbele ya watu wako niseme nilichokifanya. Wewe pumzika, mama wa watoto wengi. Lala kwa amani, hermana.

Nilikuelewa tangu ulipochora ule mlango.